Maji ya kuoga kwa boila ya kuni: pipa, koili, na elbo iliyotoboa bati

#1 Mwana_Ipuli

Wakuu, mwangaluka. Nimekuwa msomaji wa kimya humu muda mrefu, leo nimeona nami nilipe deni. Uzi ni wa maji ya moto ya kuoga kwa kuni. Kama una hita ya umeme na luku haikuumizi kichwa, pita tu, hatugombani.

Nipo Tabora, Ipuli. Nyumbani tupo tisa, bi mkubwa akiwemo, na magoti yake hayataki kusikia habari ya maji baridi. Anayedhani Tabora ni joto mwaka mzima hajawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba. Miaka yote tumechemsha kwa sufuria kubwa kwenye mafiga, kila mtu na ndoo yake, foleni, moshi, na ugomvi wa "nani kachukua maji yangu".

Mwaka juzi nikaona nijenge kitu cha kueleweka. Nikaita fundi, jina lake na mtaa wake naviacha. Akakunja bomba la shaba kama springi, akalipachika ndani ya jiko la matofali, katikati kabisa ya moto. Upande mmoja maji yanashuka kutoka tanki la juu, upande wa pili yanaenda bafuni. Akaniambia: washa moto, fungua bomba, oga. Na kweli, miezi mitano tulioga kama tuko hotelini.

Ikaanza kwa mlio. Ngo! Ngo-ngo! Ukutani. Bi mkubwa akadhani kuna mtu anabomoa nyumba. Fundi nikampigia, akasema ni hewa, itatoka yenyewe. Jumapili moja moto umekolea, hakuna mtu bafuni, mabomba yote yamefungwa, elbo, ile kona ya bomba nyuma ya jiko, ikaruka. Ilitoboa bati la banda ikatua kwa jirani. Dada anayetusaidia kazi alikuwa ametoka pale dakika moja nyuma kwenda kuanua nguo. Hiyo dakika moja mpaka leo naiota.

Jioni nikalikata lile koili kwa grenda. Ndani kuna ukoko mweupe, mgumu kama kauri, tundu limebaki la kupitisha penseli.

Sasa nimejenga cha pili, kina mwaka na miezi, hakijawahi kulia hata mara moja. Nikitoka kazini nawaletea picha nzima kwa maneno.

#2 Kijana_wa_Isevya

Siti ya mbele. Nimekuja na mkate na asali.

#3 Dada_Kanyenye

Pole sana kaka. Kuna nyumba ya wageni huku ina kitu hichohicho, koili ndani ya moto. Na mlio huo wa ngo-ngo nausikia nikipita asubuhi. Niwaambie nini?

#4 Mwana_Ipuli

Dada waambie leo, usisubiri nimalize uzi. Wauzime moto, wasimwage maji ya baridi ndani, wakishapoa watafute chek valvu (ile inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu) iko wapi. Naeleza kwa nini.

Maji yakipashwa hupanuka. Ni kidogo tu, ila hayakubali kubanwa. Yakizidi kupashwa yanageuka mvuke, na lita moja ya maji ikishakuwa mvuke inadai nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Kwenye mfumo wangu wa kwanza maji yaliyopanuka yangeweza kurudi taratibu kwenye tanki la juu, wala yasimdhuru mtu. Tatizo fundi aliweka chek valvu kwenye bomba la baridi, ati "joto lisirudi tankini". Mbele bomba la bafu limefungwa. Nyuma chek valvu. Katikati moto wa mabanzi ya mninga. Hapo hata ungekuwa wewe ungetafuta pa kutokea.

Ukoko nao una mambo yake. Maji ya kisima chetu ni yale unayomaliza nusu mche wa sabuni kabla hujaona povu. Chokaa iliyomo hujitenga na kuganda pale penye joto zaidi, na penye joto zaidi ni ukuta wa ndani wa bomba lililo motoni. Ukoko ukishakaa, maji hayalipozi bomba vizuri, bomba linazidi kuwaka, ukoko unazidi kuongezeka. Ule mlio ni mapovu ya mvuke yanazaliwa na kupasuka humo ndani. Siyo hewa. Fundi wangu ama hakujua, ama hakutaka kurudi.

Dawa yake ni kutenganisha. Maji yanayokaa na moto yawe yake, maji ya kuoga yawe yake, kati yao uwepo ukuta wa shaba unaopitisha joto peke yake. Kitu hicho kinaitwa kibadilisha joto. Mafundi wao wanakiita koili, yatosha.

Na mtu wa Tabora hilo halipaswi kumpa shida, maana bani, banda la kukaushia tumbaku, ni hilohilo. Tumbaku yetu tunaiita ya mvuke, lakini nani amewahi kuona boila ya mvuke kwenye bani? Moto uko kwenye tanuru, moshi unapita ndani ya mabomba ya bati yaliyolazwa chini, unatokea dohani. Jani linapata joto, moshi haliuoni. Wenzetu wa Songea wenye tumbaku ya moshi ndio wanaotaka moshi uguse jani.

#5 Bani_Urambo

Mkuu umenigusa. Nimekausha tumbaku misimu kumi na mbili na sikuwahi kufikiria kwamba nina "kibadilisha joto". 😂

Naongeza moja. Lile bomba la bati likitoboka ndani ya bani, moshi unaingia kwenye tumbaku, na siku ya soko jani linashushwa daraja bila huruma. Kwa hiyo kila msimu kabla ya kuwasha tunawasha majani mabichi kwenye tanuru na kukaa ndani ya bani kuangalia moshi unavuja wapi. Sasa wewe koili yako ikitoboka humo ndani ya maji utajuaje? Maji hayana rangi.

#6 Mwana_Ipuli

Swali hilo lishike, nalijibu nikifika kwenye pipa. Ni swali zuri kuliko yote yatakayoulizwa humu.

#7 Mzee_wa_Stesheni

Vijana, hamjambo.

Marehemu baba alikuwa mchochea moto kwenye garimoshi la mvuke hapa Tabora. Reli ya kati ilifika hapa 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo habari za boila mji huu zina zaidi ya miaka mia. Ndani ya boila ya garimoshi mabomba ya moshi yako mengi, yanapita katikati ya maji. Moto hauna mkono ndani ya maji, una vidole. Baba alikuwa akisema hivyo.

Na juu ya sanduku la moto kulikuwa na plagi yenye risasi ndani. Maji yakipungua mpaka plagi ikaachwa kavu, risasi inayeyuka, mvuke unamwagikia motoni na kelele kubwa. Mchochea moto atakimbia, lakini boila haitapasuka. Waliotengeneza vile walijua mtu atasahau siku moja. Wewe umeweka nini cha siku utakayosahau?

#8 Mwana_Ipuli

Shikamoo mzee. Ndiyo maana nimekimbia presha kabisa. Changu hakina cha kupasuka, kiko wazi. Sasa twende.

Pipa la chuma la lita 200, lile la mafuta. Limekaa juu ya jiko la matofali nje, nyuma ya jiko la kupikia, chini ya banda lisilo na kuta. Msije mkajenga kitu hiki ndani ya nyumba, hewa ya moto wa kuni unaofifia inaua watu wamelala. Kuzunguka pipa kuna ukuta wa matofali, nimeacha mwanya wa vidole viwili kati ya tofali na pipa. Moshi ukitoka kwenye moto hauendi moja kwa moja dohani, unalazimika kupanda huku unalilamba pipa pande zote. Mwanya ukiwa mpana moshi unapita katikati na joto lake, ukiwa mwembamba sana masizi yanaziba ndani ya mwezi. Mimi wa kwanza niliujenga wa vidole vinne, nikabomoa.

Moto wenyewe uko chini, kwenye chumba kidogo cha tofali za kuchoma, na haugusi pipa mpaka miali imemaliza kuwaka. Hili watu wanalikosea sana. Ukiweka chuma chenye maji baridi katikati ya miali unaizima kabla gesi ya kuni haijaungua, ndiyo unapata moshi mweusi na lami inayonata. Acha kuni ziungue zimalize, halafu ndipo uchukue joto.

Pipa lina maji, na maji hayo hayaendi popote. Ni yaleyale tangu mwaka jana, naongeza kikombe kikombe yanapopungua. Chokaa iliyokuwemo iliganda mara moja ikaisha. Kutu vilevile, hewa iliyomo ndani ya maji ikishatumika, nyingine huingia kidogo tu. Kama ningekuwa nabadilisha maji kila siku pipa lingekwisha mapema.

Mfuniko una bomba la kupumulia la nchi moja na nusu, limenyooka juu, halina koki, halina kizibo, halina kitu chochote. Tabora tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nikisahau moto, yatachemka, mvuke utatoka juu ya banda, basi. Mzee, plagi yangu ya risasi ni hilo tundu.

Ndani ya pipa ndimo ilimo koili. Nilinunua roli la bomba la shaba la futi 50, kipenyo nchi tano kwa nane (5/8), lile la mafundi wa viyoyozi. Tukalijaza mchanga mkavu uliochekechwa lisikunjike vibaya, tukalizungusha kwenye mtungi mkubwa wa gesi, tukapata mizunguko kumi na mikia miwili mirefu. Mikia yote inatokea juu kwenye mfuniko. Hakuna tundu hata moja ubavuni mwa pipa na hakuna jointi hata moja ndani ya maji. Maji ya tanki yanaingia, yanashuka mpaka chini, yanapanda mzunguko kwa mzunguko, yanatoka ya moto kwenda bafuni. Na chek valvu hakuna.

#9 Kijana_wa_Isevya

Mkuu subiri kwanza. Maji yanapita tu ndani ya koili, hayakai. Yanapata wapi muda wa kuchemka?

#10 Mwana_Ipuli

Hayachemki, na hatutaki yachemke. Tunataka 40 na kitu.

Nilikaa na kipimajoto na ndoo yenye alama, hivi: bomba nimefungua lita 5 kwa dakika. Pipa lipo nyuzi 80, maji ya tanki nyuzi 22. Bafuni yalitoka 53, 54. Pipa lilipofika 55 bafuni yakawa 40, ukishuka hapo bi mkubwa anaita. Kwa hiyo kazi yangu yote ni kati ya 85 na 55.

Hesabu haihitaji chuo. Lita moja kupanda nyuzi moja inataka kilojuli 4.2 hivi. Lita 200 zikishuka nyuzi 30 zinatoa megajuli 25. Ndoo ya lita 20 kutoka 22 mpaka 40 inataka megajuli 1.5. Karatasi inasema ndoo 16. Sisi tunapata 13, siku nyingine 14, nyingine zinaliwa na upepo. Kwa watu tisa zinatosha na za kuogesha mtoto zinabaki.

Megajuli 25 ni uniti 7 za umeme. Mimi elfu tano inanipa uniti 14, ina maana kila siku ningechoma 2,500 kwa kuoga peke yake. Kuni nilizipima kwa mzani wa duka kwa wiki nzima, kilo 6 kwa siku zikiwa kavu. Ni mabanzi ya kwa mafundi seremala na matawi ya mwembe niliyopunguza. Mti sijakata.

Kavu, wakuu. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji, unanunua moto wa kukaushia kuni zenyewe. Nakusanya mwezi wa tano, naweka juu ya vichanja chini ya bati, mvua za Novemba zikija mimi nimeshaaga.

#11 Fundi_Kitete

Nimesoma yote. Mimi ni fundi bomba miaka kumi na tisa, naomba nipinge kidogo kwa heshima.

Pipa lako ni zuri kwa familia. Lakini kaya yenye vyumba vitatu vya kuoga koili moja itapwaya, watu wawili wakifungua pamoja wote wanaoga vuguvugu. Kazi safi ni boila ndogo chini, tanki la maji ya kuoga juu yake, na koili iwe ndani ya tanki. Maji ya boila yanapanda yenyewe kwa kuwa ya moto ni mepesi, yanapita kwenye koili, yanapoa, yanashuka. Hakuna pampu. Umeme ukikatika hujui.

#12 Mwana_Ipuli

Fundi hujakosea, na nilitaka kuanza na hiyo. Nilikwama kwenye kipenyo. Tuchukue yanapanda kwa 80, yanarudi kwa 60. Lita moja ya ile ya 60 inaizidi ya 80 gramu 11. Kwa kimo cha mita moja na nusu nguvu yote ya kuyasukuma ni sawa na kina cha maji cha sentimita 1.6, 1.7. Hiyo ndiyo pampu yako. Pumzi ya mtoto inaizidi. Ukitumia koili yangu ya tano kwa nane urefu wa mita 15 hayaendi kokote, boila itachemka chini na tanki juu baridi.

#13 Fundi_Kitete

Sasa tunaongea. Ndiyo maana situmii hiyo. Bomba nchi moja kwenda na kurudi, haipungui, na koili fupi nene au mbili sambamba. Kipenyo kikipungua nusu, kwa maji yaleyale, upinzani unapanda mara thelathini na kitu. Bomba lipande mfululizo bila kushuka hata kidogo, likiinama mahali hewa inakaa pale na safari imekwisha. Elbo chache, na ziwe za mzunguko mpana. Na bomba la kupumulia lazima, linyanyuke juu ya tanki la kujazia, bila koki njiani. Nimeshaona mtu kaweka geti valvu kwenye bomba la kupumulia "lisipoteze joto". Nilikataa kuwasha mpaka aling'oe.

Hilo la kutokuwa na jointi ndani ya maji nakuunga mkono kwa mikono miwili.

#14 Mwana_Ipuli

Basi tumekubaliana zaidi ya tulivyopishana. Nyumba kubwa, njia ya fundi. Nyumba kama yangu, pipa. Kwangu maji ya kuoga yanasukumwa na kimo cha tanki, mita tatu, kwa hiyo bomba jembamba linapita bila shida.

#15 Msomi_Chemchem

Kwa jua hili la Tabora bado mnachoma kuni? Hita ya sola juu ya bati, imekwisha. Tunasema misitu inaisha huku tunafungua nyuzi za kuchoma kuni.

#16 Mwana_Ipuli

Ndugu una haki yako. Ningekuwa na hela ya mara moja ningeanza na jua. Sikuwa nayo. Ila nimelazimisha jua lifanye kazi kidogo: bomba jeusi la mita 40 limelala juu ya bati kabla ya maji kufika kwenye koili. Saa kumi jioni yanaingia kwenye koili yakiwa tayari 35 na zaidi, kuni zinapungua karibu nusu. Asubuhi halisaidii kitu. Na Januari yenye mawingu siku nne mfululizo hata mwenye sola anamtafuta mwenye pipa.

Misitu ndiyo sababu nimepima kilo. Kwa mafiga tulikuwa tunamaliza mzigo wa baiskeli kwa siku mbili. Sasa mzigo uleule unaingia wiki.

#17 Dada_Kanyenye

Nimerudi. Ile nyumba ya wageni nimewaona. Chek valvu ipo, imefungwa na katani na rangi juu. Mwenyewe amesema "fundi alisema ni ya usalama". Amekubali kuzima, ila alikuwa mkali kidogo.

Nina swali la mama. Maji yanayotoka 54, na yaliyolala ndani ya koili je?

#18 Mwana_Ipuli

Dada ahsante kwa kwenda, kweli.

Swali lako ndilo kosa langu la pili na sikutaka kulisema. Maji yaliyolala ndani ya koili yanafika joto la pipa lenyewe. Lita mbili za kwanza zinaweza kutoka 80. Kwa nyuzi 60 tu ngozi ya mtu mzima inaungua ndani ya sekunde tano hivi, ya mtoto haraka zaidi. Mwanangu wa kati alichomeka mkono wiki ya kwanza. Alipona, alama imebaki ndogo kwenye kidole gumba, na kila akigombana na mimi ananionyesha.

Sasa bafuni bomba la moto limepandishwa juu nje ya kimo cha watoto, na kuna koki ya kuchanganya moto na baridi kabla ya bomba la mvua. Sheria ya nyumba: baridi hufunguliwa kwanza, moto hufungwa kwanza. Bi mkubwa ndiye polisi.

Pia mabomba: kutoka pipani mita tatu za kwanza ni chuma, pande zote mbili, hata upande wa baridi, kwa sababu maji yakipanuka yanarudi nyuma yakiwa ya moto. Baada ya hapo ni yale ya plastiki ya kuunga kwa pasi ya moto, yaliyoandikwa maji moto. Yale ya kijivu ya maji taka na ya kawaida ya PVC yanalegea kama tambi.

#19 Bani_Urambo

Bado nakudai jibu la tundu.

#20 Mwana_Ipuli

Sijasahau. Maji ndani ya koili yana msukumo wa tanki, mita tatu. Maji ya pipa hayana msukumo wowote, yako wazi. Koili ikitoboka, maji safi ndiyo yanatoka kwenda pipani, ya pipa hayaingii kwenye ya kuoga. Pipa linajaa, linamwagika kwa juu. Hapo ndipo unajua.

Lakini pipa humwagika pia kwa kupanuka. Lita 200 kutoka 22 mpaka 85 zinaongezeka kama lita 6. Kwa hiyo usilijaze hadi mdomoni. Na ukiona linamwagika, angalia saa. Likimwagika wakati moto unawaka, ni kupanuka. Likimwagika usiku moto umezimwa na pipa linapoa, maji yalitakiwa kupungua, si kuongezeka. Hapo una tundu.

#21 Kibirizi_Boy

Wakuu wa Tabora salamu kutoka Kigoma. Nimeusoma huu uzi mara mbili na sasa sina raha.

Nilijenga kama chako miezi minne iliyopita, nilielekezwa na jamaa aliyetoka kwenu. Mimi sichomi kuni tupu, nachanganya na vifuu vya mise, tunavyo tele huku kwenye michikichi, vinawaka vikali hasa. Maji ni ya ziwa. Birika huku linakuwa jeupe ndani, kwa hiyo hilo la kutenganisha nimelipenda.

Tatizo: kila asubuhi chini ya pipa kumelowa. Nilidhani ni paka au watoto. Nikadhani ni kupanuka.

#22 Mwana_Ipuli

Salamu mkuu. Leo usiwashe moto. Lifute pipa kwa kitambaa mpaka likauke kabisa, weka alama ya chaki kwenye usawa wa maji, funga bomba la bafu, acha koki ya tanki wazi. Lala. Asubuhi niambie maji yako wapi. Kisha usiku wa pili funga na koki ya tanki.

#23 Fundi_Kitete

Na uniambie koili ni kipande kimoja?

#24 Kibirizi_Boy

Nitajibu nikishaona chaki.

#25 Mzee_wa_Stesheni

Huyu kijana ana jibu tayari.

#26 Kibirizi_Boy

Usiku wa kwanza: maji yamepanda juu ya chaki vidole viwili, na chini kumelowa. Usiku wa pili koki imefungwa: chaki na maji vipo palepale, chini pakavu.

Fundi, koili ni vipande viwili. Roli lilikuwa limeisha dukani, nikapata mita 9 na mita 6, nikaunga kwa risasi ya kulehemu, jointi ikaangukia mzunguko wa tano. Wiki ya pili nilisahau kujaza maji pipani, moto ukawaka pipa likiwa nusu, na mzunguko wa tano ulikuwa juu ya maji. Nadhani risasi ililegea hapo.

#27 Fundi_Kitete

Risasi ya kulehemu inalegea nyuzi mia mbili na kidogo. Ukiunga shaba iliyo karibu na moto unachomea kwa fimbo ya fedha au ya shaba. Lakini wewe usichomee tena, tafuta roli zima. Hizo mita 9 usitupe, zitafaa kwa jirani mwenye watu watatu.

#28 Kibirizi_Boy

Nimeichomoa jana jioni. Ukishika pale kwenye jointi na kutikisa, inacheza. Roli linakuja na treni wiki ijayo kutoka huko kwenu. Kwa sasa nyumba nzima inaoga maji ya ziwa hivihivi, na mke wangu amesema jina la huyo aliyenielekeza nisilitaje mezani.